Ufundi wa Kusimama

Yiquan ni mtindo wa kung fu uliopata sura yake nchini China katika miaka ya 1920. Jina lake maana yake ni ngumi ya nia. Mwasisi wake, Wang Xiangzhai wa mkoa wa Hebei, alilelewa katika xingyiquan, mtindo mkongwe ambao jina lake limeundwa kwa vipande vitatu: xing ni umbo, yi ni nia, quan ni ngumi. Alipoanza kufundisha kwa njia yake mwenyewe, alikidondosha kipande cha kwanza. Umbo likaondoka, nia na ngumi vikabaki, na katika silabi hiyo moja aliyoiacha ndimo ulimo ugomvi wake wote na kung fu ya zama zake.

Mitindo mingi ya China hufundishwa kwa taolu, yaani mfuatano wa mapigo, kinga na mizunguko uliopangwa tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Mwanafunzi huukariri na kuurudia miaka na miaka, na akiumudu hupewa mwingine mrefu zaidi. Wang alisafiri China ya kati na ya kusini akitafuta mafundi wa kupimana nao, na alichokiona kilimfanya aichoke desturi hiyo. Mtu aweza kujua taolu kumi na asijue kupigana, kwa kuwa anayemjia hakukariri naye. Mwili uliozoeshwa kukumbuka kilichopangwa hubabaika mbele ya kisichopangwa. Wang akarudi kwenye jambo alilofundishwa utotoni na Guo Yunshen, fundi mashuhuri wa xingyiquan: kusimama. Kwingineko kusimama kulikuwa kizingiti cha kuvuka. Yeye akakufanya nyumba ya kukaa.

Zoezi lenyewe huitwa zhan zhuang. Zhan ni kusimama, na zhuang ni nguzo iliyokitwa ardhini. Mwanafunzi hutenganisha miguu kwa upana wa mabega, nyayo sambamba, magoti yamelegezwa kidogo. Nyonga hushuka kana kwamba anataka kuketi kwenye stuli ndefu lakini hajaigusa. Utosi huelekea juu kama unaovutwa na uzi, kidevu kikiwa kimerudi ndani kidogo. Mikono huinuliwa mbele ya kifua ikiwa imeviringana, mfano wa mtu aliyekumbatia mpira mkubwa. Viwiko vimening'inia chini ya mabega, vidole vimeachana. Macho hutazama mbali bila kukodoa. Uso uwe karibu na tabasamu, maana taya lililokazwa hukaza shingo, na shingo hukaza mgongo. Pumzi haipangwi wala haihesabiwi. Huachwa iende inavyokwenda.

Kisha hakuna kinachofuata. Hilo ndilo zoezi, na kwa anayetazama kando halina cha kutazamwa. Ndani ya mwili mambo ni mengine. Dakika ya kwanza hupita kwa amani. Ya tatu, mabega huanza kuwaka moto, kwa kuwa ndiyo yaliyojitwika kazi ya kubeba mikono bila kuombwa. Ya tano, mapaja hutetemeka. Mwanzoni mtu hudhani huo ni udhaifu, akabana meno na kukaza zaidi, na kwa kukaza huko hufupisha muda wake. Msuli unaotetemeka umechoka na unatoa taarifa. Anayeisikia huuachia, na unapoachia, mzigo hushuka kwenye mifupa iliyopangana na kwenye misuli ya ndani iliyo karibu na uti wa mgongo, ambayo kazi yake ya asili ndiyo hiyo. Mwanamke anayebeba ndoo ya maji kichwani kutoka kisimani hana nguvu za ajabu shingoni. Ana shingo, mgongo na nyonga vilivyokubaliana juu ya mstari mmoja, na ndoo imekaa juu ya mapatano hayo. Zhan zhuang huutafuta mstari uleule bila ndoo.

Anayeanza husimama dakika tano, kisha kumi, na kwa miezi hufika ishirini hadi arobaini. Hakuna fahari katika kushuka chini sana. Goti lisivuke vidole vya mguu, na mkao wa juu unaodumu ni bora kuliko wa chini unaovunjika. Wengi huacha katika wiki za mwanzo, na sababu mara nyingi ni kuchoshwa na utulivu kuliko uchovu wa mwili. Mtu aliyekuja kujifunza kupiga huona anacheleweshwa. Anayevumilia hugundua kwamba hajawahi kuujua mwili wake: bega la kulia liko juu kuliko la kushoto, uzito umelalia kisigino kimoja, tumbo limebanwa tangu haijulikani lini. Mwendo huficha makosa haya kwa sababu humpitisha mtu haraka. Katika kusimama hayana pa kujificha.

Lakini ingekuwa kusimama tu, nguzo ya umeme ingekuwa bingwa. Hapa ndipo nia inapoingia, na Kiswahili kina neno linalolifaa jambo hili vizuri ajabu. Kwa msemaji wa Kiswahili nia haiishii kwenye wazo. Ni azma inayotangulia tendo na kulipa tendo uzima wake, ndiyo maana mtu hunuia kabla ya kufunga saumu. Yi ya Yiquan iko jirani sana na maana hiyo. Mwalimu humwambia mwanafunzi kwamba mpira aliokumbatia umetengenezwa kwa karatasi nyembamba: akibana utasinyaa, akilegeza utadondoka. Mikono haionekani kusogea, ila mkumbatio wake umekwisha kubadilika. Baada ya miezi, mpira hugeuka mti uliokita mizizi. Mwanafunzi ananuia kuuvuta kuelekea kwake, kisha kuusukuma, kuung'oa, kuudidimiza, kuupeleka kushoto na kulia. Hatumii nguvu za kuuvuta. Ananuia kuuvuta, na mwili mzima, kuanzia nyayo, hujipanga kwa ajili ya tendo ambalo halitendeki. Wengine hufundishwa kuhisi springi kati ya kidole na kidole, kati ya viganja, kati ya shingo na mikono. Wengine huambiwa wamesimama kwenye maji yanayosukuma kutoka pande zote.

Taswira hizi hazikusudiwi kupamba zoezi. Kwa hizo mwili hufundishwa kanuni iliyo moyoni mwa mtindo, nayo ni nguvu zinazopingana. Kila unapoelekea mbele, kitu ndani kielekee nyuma; kinachopanda kiwe na kinachoshuka; kushoto kujue kulia. Faida yake huonekana kwa mtu anayesukuma mlango kwa bega, mlango ukafunguliwa ghafla kwa ndani. Anaanguka, maana nguvu zake zote zilikuwa na upande mmoja na upande huo umetoweka. Mwenye nguvu zenye pande sita haangushwi kwa kunyimwa mmoja. Kutokana na hali hiyo hupatikana kile kinachoitwa hunyuan li, nguvu isiyogawanyika, ambamo mkono haupigi peke yake bali ni ncha ya mwili mzima.

Kanuni ya pili inaifuata hiyo: kulegea na kukaza viwe pamoja. Wachina husema song, neno ambalo wageni hulitafsiri kama kulegea na kisha kulielewa vibaya. Mwili uliolegea kama nguo iliyoanikwa haumo katika Yiquan. Unaotakiwa ni kama kamba ya tanga katika upepo wa wastani, haijakazwa hadi kulia wala haijalala, na badiliko dogo la upepo hufika kwenye mkono wa nahodha.

Baada ya mkao wa mpira huja mikao ya mapigano, mguu mmoja mbele, uzito mwingi ukilalia wa nyuma, mkono mmoja ukitangulia mwingine. Kazi ya nia ni ileile, ila sasa ina mwelekeo na ina adui wa kuwaziwa.

Mwendo huanzia hapo, na huanza kwa ubahili. Shi li, kuijaribu nguvu, ni kuusogeza mwili polepole mno, kwa mfano kupeleka viganja mbele na kuvirudisha, huku kile kilichohisiwa katika kusimama kikiwa hai. Mikono hupita hewani kama inayopita kwenye maji mazito. Sharti ni moja na halina msamaha: hisia ikikatika, mwendo usimame, mtu arudi kwenye mkao aitafute tena. Ndiyo maana upole wa shi li si mapambo. Mwendo wa haraka huruka juu ya mashimo, na mwanafunzi asijue kwamba katikati ya njia mwili wake ulikuwa umeachana vipande. Uzuri wa ufundi huu unadhihirika hapa kuliko penginepo. Fundi mzuri akifanya shi li, mkono ukisogea kwa upana wa kiganja, mtazamaji makini huona mgongo, nyonga na kisigino vyote vimesogea nao, kila kimoja kwa kiasi chake.

Miguu ina jaribio lake, moca bu, hatua ya msuguano. Unyayo hauinuliwi sana, huteleza karibu na ardhi, ukipitia jirani ya mguu mwingine kabla ya kutoka nje kwa mviringo. Mtu aliyewahi kutembea kwenye tope la mikoko maji yakiwa yamekupwa anaijua hatua hii bila kufundishwa: hautoi mguu mmoja kabla ya kuuamini mwingine.

Fa li, kuitoa nguvu, ni pigo lenyewe. Ni fupi, la ghafla, na hutokea mwilini kote kwa pamoja, mithili ya mbwa anayekung'uta maji. Walimu wenye busara hawaliharakishi, kwa kuwa mwili mgumu ukilazimishwa kulipuka huumia kwanza wenyewe. Sambamba nalo kuna shi sheng, kuijaribu sauti, ambapo sauti fupi hutolewa ili pumzi na kiwiliwili vishiriki pigo. Mwanafunzi huweka kiganja mbele ya mdomo. Akihisi upepo, nguvu imevuja.

Hadi hapo mtu yuko peke yake, na aliye peke yake hudanganyika kwa urahisi. Huu ndio upande dhaifu wa mtindo, na si haki kuusifu bila kuutaja. Nia haionekani. Anayesimama miaka kumi bila kuguswa na mtu mwingine anaweza kujijengea ufalme wa hisia ambao msukumo mmoja huuporomosha. Tui shou, kusukumana mikono, ndiyo tiba. Wawili hugusana mikononi, karibu na viwiko, wakazungusha na kutafutana mhimili. Kupitia ngozi ya mkono mtu hujifunza kusikia mwenzake anakokaza na anakolegea, uzito wake uko mguu gani, anataka kwenda wapi kabla hajaenda. Kosa la kila anayeanza ni kugeuza zoezi hili mieleka ya mabega. Humsukuma mwenzake kwa mikono, na kwa kufanya hivyo humkabidhi mpini.

Mtihani wa mwisho ni san shou, mapambano huru. Yao Zongxun, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki 1985, mwanafunzi ambaye Wang alimfanya mrithi wake, hakuacha jambo hili libaki nadharia. Alileta glavu za ndondi katika mazoezi ili watu wapigane kwa kweli na kesho yake warudi wakiwa wazima. Bila kazi yake, huenda Yiquan ingebaki kusimuliwa tu, na watu wa kuithibitisha wangekuwa wachache.

Ufundi huu ulivuka mipaka kwa njia mbili tofauti. Kenichi Sawai, Mjapani aliyekuwa na ujuzi wa judo, alimwendea Wang mjini Beijing kupimana naye, akashindwa, akaomba kufundishwa. Aliporudi kwao alianzisha Taikiken, akawa anafundisha nje, chini ya miti ya hekalu la Meiji mjini Tokyo, mahali panapoufaa sana mtindo unaomtaka mtu asimame kama mti. Njia ya pili ilikuwa ya afya. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi mwingine wa Wang, Yu Yongnian, daktari wa meno, alisaidia kuipeleka zhan zhuang hospitalini kama zoezi la wagonjwa, na leo wengi wanaosimama hivyo katika bustani za miji mbalimbali duniani hawana habari na ngumi kabisa.

Mjini Beijing, katika miaka ya 1940, mtindo ulipewa pia jina la Dachengquan, ngumi ya ukamilifu mkuu, na bado linatumika. Wang, aliyefariki mwaka 1963, hakulipenda, kwa hoja kwamba ufundi wa ngumi hauna pa kukamilikia. Utaratibu wa siku unamuunga mkono. Aliyefika san shou haachi kusimama. Huanza nako asubuhi kama aliyejiunga juzi, dakika zilezile, mabega yaleyale yakikaguliwa. Na kinachofunga zoezi nacho kina adabu yake. Mikono haiangushwi bali hushushwa taratibu mpaka kando ya mapaja, mtu akabaki wima kwa pumzi kadhaa. Viganja husuguliwa, uso hupanguswa. Kisha hatua chache polepole, mikono ikining'inia, huku akiangalia iwapo kilichopatikana katika kusimama kimebaki mguu wa kwanza ulipoinuka.