Sentensi Isiyo na Mtu

Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Tanzania inamzungumzia mtu. Haki zake zikifika mahakamani, yeye ndiye wa kusikilizwa kwa ukamilifu, na ni yeye mwenye “haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria”. Fungua sasa Sheria ya Mamlaka ya Rufani, Sura ya 141, ya mwaka 1979. Katika kifungu chake cha rufaa za madai mtu hayupo. Kiima cha sentensi ni rufaa: itakuwapo dhidi ya amri hii, haitakuwapo dhidi ya ile. Anayezuiwa hatajwi, na kwa hiyo hakuna anayelazimika kumweleza kwa nini.

Kifungu hicho kinafungua kwa kijifungu cha kwanza na kufunga kwa cha pili. Kufuli zito liko aya ya (c): shauri la madai lililoanzia Mahakama ya Mwanzo halifiki Mahakama ya Rufani mpaka Mahakama Kuu ithibitishe kwamba lina hoja ya kisheria. Mkazi wa Ntalikwa, Tabora, mwenye shauri la mirathi ya kimila huanzia Mwanzo, hupanda Wilaya, kisha Mahakama Kuu. Akishindwa huko, anaomba cheti cha uthibitisho huo kwa mahakama ileile iliyomwangusha.

Watetezi husema shauri limekwisha kupita ngazi tatu, na ugomvi sharti uwe na mwisho. Hoja hiyo ina uzito, ila aya yenyewe haihesabu ngazi. Inauliza shauri lilizaliwa wapi.

Mwaka 2023 Bunge lilifuta sharti la kuomba ruhusa ya kukata rufaa kwa mashauri mengine ya madai. Cheti kikabaki. Kabla ya hapo warufani wengine wa madai nao walikuwa na kizingiti chao. Leo aya ya (c) inamsubiri aliyeanzia chini kabisa.

Mtindo huu wa kutenga kwa chanzo ni mkongwe. Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliziondoa mahakama za watemi chini ya Mahakama Kuu. Rufaa zake zikaenda kwa Mkuu wa Wilaya, Mkuu wa Jimbo, hatimaye Gavana. Mfumo huo ulivunjwa baada ya uhuru, na mahakama zikaunganishwa. Mkato wa sentensi ukasalia.

Kama nia ni kukomesha ugomvi, sheria iseme hivyo: baada ya rufaa mbili, hoja ya kisheria tu, popote shauri lilipoanzia.