PSP Inayokimbia Yenyewe: Fundi wa Makina Alivyolipata Kosa

Mchezaji wa FIFA alikuwa anapotelea kwenye kona ya uwanja na hakuna aliyegusa kijiti. PSP yenyewe, mashine ya michezo ya kushika mkononi, ni ya toleo la kwanza, lile la 1000 ambalo Sony ilianza kuuza Japani Desemba 2004. Ilifika kwa fundi wa simu pale Makina, Kibera, ikiwa imeshakatiwa hukumu: inunuliwe kijiti kipya. Fundi hakukubali upesi, na kwa maoni yangu ustadi wote wa kazi hii uko hapo.

"Kijana, inavuta upande mmoja ama pande zote mbili?" aliuliza. Swali zito hilo. Ndani ya kijiti mna njia mbili za kaboni, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya juu na chini, na juu ya kila njia unateleza ulimi mdogo wa chuma unaopeleka volti kwenye bodi. Njia zote mbili hutumia chanya moja na hasi moja, ndiyo maana kijiti kina migusano minne tu. Kaboni ikilika, mara nyingi huharibika upande mmoja. Pande zote zikihama pamoja, kama hapa, shuku kile zinachotumia kwa shirika.

Katika toleo hili kijiti hakikulehemiwa. Kati yake na bodi kuna kipande cha mpira unaopitisha umeme, kinachoshikiliwa kwa kubanwa tu. Vumbi na mafuta ya vidole vikipenya hapo, ukinzani hupanda. Ukipanda upande wa hasi, volti ya katikati hupanda kwenye njia zote mbili, na mashine husoma kwamba kijiti kimesukumwa.

Fundi alitoa betri, akafungua, akaweka mita kwenye omu: ncha moja kwenye hasi ya kijiti, nyingine kwenye mgusano wa upande, huku akikisukuma polepole. Namba zilipanda na kushuka bila kurukaruka, upande wa kwanza na wa pili. Kaboni ilikuwa nzima. Zingeruka, kijiti kingebadilishwa.

Kilichobaki ni usafi. Alipangusa mpira na migusano ya bodi kwa pamba ya masikio na alkoholi ya isopropili. Spiriti ya vidonda haifai: mara nyingi huwa na mafuta ya nyonyo, yanayoacha utando wa kunasa vumbi. Msasa ndio mbaya zaidi.

Dawa hii haiponyi kila mashine. Vidhibiti vya Joy-Con vya Nintendo Switch ya 2017 hulika kaboni yenyewe, na hapo pamba hununua muda tu. Lakini kwa PSP usafi unafaa kujaribiwa kwanza: iliacha kutengenezwa mwaka 2014, na vijiti vingi vinavyouzwa leo ni vya kuiga. Ukipeleka yako, mwombe fundi aipime mbele yako kabla hujatoa pesa ya spea.