Kizuio cha Mwisho wa Reli

Mjukuu wangu ana treni ya mfano aliyoletewa na mama yake kutoka Ujerumani. Reli zake zimetandazwa juu ya meza ya mninga chumbani kwangu, kwa kuwa hakuna chumba kingine cha kuipokea meza hiyo. Mimi, niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, nilipewa kazi moja tu: kuweka vizuio mwishoni mwa njia mbili za pembeni, ili injini isianguke sakafuni. Ni kazi ndogo. Naihakiki hapa kwa sababu ilinifedhehesha.

Msomaji asiyekijua kizuio na aifikirie stesheni ambamo reli hukoma. Pale husimamishwa fremu ya chuma yenye boriti iliyolala, kwenye kimo cha bafa za behewa. Hakikuwekwa ili kipigane na treni iliyo mbioni. Mjini Paris, tarehe 22 Oktoba 1895, treni kutoka Granville iliingia stesheni ya Montparnasse kwa kasi, ikavunja kizuio, ikavuka ukumbi na kutoboa ukuta, kisha injini ikaporomoka hadi barabarani na kusababisha kifo cha mwanamke mmoja. Kila nikiitazama picha ya ajali ile naona kwamba kizuio humsaidia dereva aliyekwisha punguza mwendo. Hakiwezi kushika nafasi yake.

Ndani ya sanduku la mjukuu mlikuwa na vizuio viwili vya plastiki, vyekundu kama peremende. Nilividharau papo hapo. Treni ile ni sehemu moja ya 87 ya treni halisi, na reli zake zimeachana milimita 16.5. Zidisha, utapata milimita 1,435 na ushei, yaani upana wa reli mpya iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024. Kazi iliyopimwa kwa uangalifu kiasi hicho, halafu mwishoni mwake peremende!

Basi nikaunda changu. Nilikunja vipande vya reli vilivyosalia, na fundi redio wa mtaani akanilehemea boriti ya chuma juu yake. Nikakipaka rangi ya kutu. Kilipendeza, nasema bila haya.

Tulipowasha umeme, treni haikusogea hata inchi moja. Nikailaumu transfoma. Nikampigia simu binti yangu na kumweleza, kwa sauti ile ya ofisini, kwamba ameuziwa kitu kibovu. Jioni mjukuu akaja taratibu.

"Babu, nimekitoa kizuio chako, na treni inakwenda."

Katika treni hizi umeme huingilia reli moja na kurudi kwa reli ya pili. Boriti yangu nzuri ilikuwa imeziunganisha. Ilikuwa shoti tupu. Plastiki niliyoidharau haipitishi umeme.

Usiku ule nilimkumbuka mwanachuo mmoja. Katika mazoezi ya kufundisha alileta mizani aliyoazima dukani. Mwenzake alileta mizani ya vifuu na kamba, kazi ya mikono yake mwenyewe. Wa kwanza nilimkata alama nikaandika, "Hakuna ubunifu." Wa pili nilimsifu mbele ya wote, ingawa mizani yake iliinamia upande mmoja kabla haijawekewa kitu, na watoto wakaandika uzito usio sahihi madaftarini. Niliuona ule mwinamo. Sikuuliza mizani ipi ilipima sawasawa.

Sisemi kwamba vile vya plastiki havina kasoro. Vinashikilia reli kwa meno mafupi, na behewa likigusa kwa nguvu kidogo tu, kizuio huchomoka na kutangulia sakafuni. Pia ndoano ya kuungia mabehewa imechomoza mbele kuliko bafa, kwa hiyo hujikita chini ya boriti kabla bafa hazijafika. Changu nimekiondolea ile boriti ya chuma na kuweka kijiti cha mninga kilichogandishwa kwa gundi, kila mguu ukikaa kwenye reli yake peke yake. Hakina shoti tena, na behewa likisukumwa polepole husimama. Njia ya pili nimeiachia kile chekundu, nimekipigilia msumari mdogo nyuma yake.

Binti yangu bado hajaambiwa kwamba transfoma ni nzima. Nitampigia Jumapili.