Kizingiti cha Shule katika "Elimu ya Kujitegemea"

Katika *Elimu ya Kujitegemea*, andiko la Machi 1967, Julius Nyerere alitaja hesabu chungu: kati ya watoto 100 waliomaliza shule za msingi, 13 tu walipata nafasi ya sekondari. Wale 87 walirudi kwao wakijiona wameshindwa. Nguvu ya andiko ni hapo. Fedheha ya kijana imeonwa hata kabla ya njaa yake. Lakini dawa, karibu yote, ni ya mwanafunzi aliye bado darasani au katika shamba la shule. Akishatoka, nani atampa ardhi na jembe? Mtoto wa fukara, asiye na mjomba ofisini, huachwa kizingitini. Kijiji cha kumpokea kilingoja andiko jingine, *Ujamaa Vijijini*, la Septemba mwaka ule ule.