Boriti Haijui Futi 5

"Hini si nyumba," akaandika kwenye chati. "Hini godauni."

Tulikuwa watano usiku huo wa Jumamosi, kila mtu kwake: wawili Nairobi, mmoja Rongai, mmoja Eldoret, na huyu mwenye maneno yake, Likoni. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mchezo. Nilikuwa nimekesha wiki mbili nikichora ramani ya mji wa mawe wa pwani ambamo wahusika wetu wangeingia kuiba kitabu cha mchawi mmoja. Ramani ilikuwa tamu kwa macho. Kuta nyeupe, minazi, paka juu ya ukuta (paka ni lazima). Shida ni kwamba mwenzetu wa Likoni alizaliwa Mkomani, Lamu, na ile niliyoiita nyumba ya tajiri ilikuwa na sebule moja pana ya mraba, mlango katikati, kama ukumbi wa kukodi wa harusi.

Kusema ukweli niliudhika. Wiki mbili si mchezo. Lakini kadiri siku zilivyokwenda niliona kwamba huo ndio uhakiki mkali zaidi wa ramani za michezo hii niliowahi kuusikia, na ulikuwa wa maneno matano tu.

Kwa ambao hawajacheza: Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, ikizaliwa na watu waliokuwa wakicheza vita vya wanajeshi wadogo juu ya meza. Msimamizi anasimulia, wachezaji wanaigiza wahusika, dadu zinaamua. Siku hizi wengi wetu hatuna meza moja. Tuna Roll20, iliyoanza 2012, ama Foundry, iliyotoka 2020, ama zile nyepesi zinazofunguka kwa simu bila kununua kitu. Unapakia picha ya ramani, unaweka juu yake duara ndogo zenye sura za wahusika, na kila mtu anaburuta ya kwake. Wenyewe huziita tokeni. Mimi nitaziita kete, kwa sababu neno tunalo tayari, na mtu yeyote aliyewahi kucheza drafti kwa kinyozi ameshazisogeza.

Chini ya kila ramani kuna miraba. Mraba mmoja ni futi 5 kwa futi 5, kama mita moja na nusu. Hiyo ni nafasi ambayo mpiganaji mmoja anaitawala akiwa vitani. Rudia hapo. Kipimo chenyewe cha mchezo ni mtu aliyeshika upanga. Ukichora jikoni, umechora uwanja wa vita wenye sufuria. Ukichora msikiti, umechora uwanja wa vita wenye mikeka. Programu za kuchorea, Dungeondraft kwa mfano, zinakusaidia kwa kuuvuta ukuta ujibandike wenyewe kwenye mstari wa mraba, na usaidizi huo ni mtamu kiasi kwamba unasahau kuna mtu alikuamulia.

Sasa, nyumba ya mawe ya Lamu ina kipimo chake, nacho ni boriti. Dari inalala juu ya miti ya mikoko iliyopangwa kutoka ukuta hadi ukuta, na mti wa mkoko una urefu wake. Ukilazimisha zaidi ya mita tatu hivi, dari inalegea. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake umeamuliwa baharini, kwenye matope, kabla fundi hajafika. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine. Ukivipima kwa miraba, upana unakuja karibu miwili, au miwili kasoro kidogo, na hiyo kasoro ndiyo programu haiitaki kabisa. Inakupa miwili, ama inakupa mitatu. Mimi nilichukua sita, ndipo nikajengewa jina la godauni.

Vichochoro navyo ni kesi nyingine. Kuna pahali Lamu punda akija na mzigo wake wewe ndiye unayebana ukutani, na hakuna wa kumlalamikia. Kichochoro hicho hakifiki futi 5. Tulipokuja kukichora inavyopaswa, vita vya kwanza mle ndani vilipiganwa kwa foleni, mmoja mmoja, kama watu wanaopanda matatu ya Rongai saa kumi na mbili jioni. Mchawi wetu, ambaye amezoea kurusha moto kutoka mbali, alikaa nyuma raundi tatu bila kazi. Akalalamika. Lakini ndio ulikuwa usiku wa kwanza mji ule kufanya kitu ambacho mji wa kawaida wa michezo hii haufanyi, yaani kutukatalia.

Mtu atasema, si ununue tu picha zilizo tayari? Nilinunua. Maktaba za picha za ramani ziko tele, nyingine za bure: meza, mapipa, vitanda, majeneza. Majeneza sitaki hata kuyahesabu. Nilipotafuta baraza ya kukaa nje ya mlango, nilipata benchi la baa ya Ulaya. Nilipotafuta zidaka, yale matundu ya lipu ukutani ya kuweka sahani na vitabu, nilipata rafu ya mbao. Ile ya "jangwani" ilikuwa na kuba na mahema, ile ya "msituni" ilikuwa na vibanda vya nyasi na mafuvu juu ya miti, na mji wa mawe ya matumbawe uliofanya biashara na Bara Hindi na Uchina haukuwa jangwani wala msituni. Hapo mchoraji anaambiwa, kimyakimya, achague moja.

Inaniuma kwa sababu tuna ramani bora za shimo la kuchezea kuliko wengi. Chukua Gede, karibu na Watamu. Kuta zimesimama, mji umeachwa tangu karne ya 17, msitu umeingia ndani, na James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 na kuendelea, nyumba zilipata majina ya vitu vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Kikasha cha Pembe, Nyumba ya Sarafu za Kichina. Msimamizi yeyote akisoma mpango ule wa mji mkono unawasha. Kwenye ramani zetu za kawaida chumba kinaitwa namba 14 na ndani kuna mazimwi sita. Pale chumba kinaitwa mkasi, na wewe unabaki ukijiuliza ni wa nani.

Lakini usidhani tatizo ni uhaba wa picha pekee. Mwaka 2017 kampuni yenye mchezo huu ilitoa kitabu cha Tomb of Annihilation, kinachofanyika Chult, rasi ya misitu, dinosaria na weusi. Bandari yake inaitwa Port Nyanzaru, jina ambalo mtu wa Kisumu akilisikia lazima ageuke. Kitabu hakikukosa mema. Mji unatawaliwa na wafanyabiashara saba wenyeji, walioutoa mikononi mwa wageni, na ramani yake ya mji ina uhai wa soko la kweli. Ukicheza humo unacheka sana.

Kisha wachezaji wanapewa ramani ya nchi. Pwani imechorwa, na bara karibu lote ni pembesita tupu, moja baada ya nyingine, nyeupe. Kazi yenu ni kuingia na kuzijaza. Kimchezo ni raha isiyo na kifani. Kila pembesita ni swali. Ila jiulize ni nani hajui kilichomo. Port Nyanzaru imejaa watu waliozaliwa humo, na kitabu chenyewe kinakupa viongozi wa safari wa kukodi, wanaozijua njia. Wanajua, ramani haijui. Weupe wa karatasi ile ni ujinga wa mgeni uliogeuzwa kuwa sura ya nchi.

Hili sisi tumelipitia bila dadu. Katika miaka ya 1850 wamisionari wawili Wajerumani, Johannes Rebmann na Jakob Erhardt, walikaa pwani yetu, Rabai na kwingineko, wakawauliza watu wa misafara kuhusu bara. Kila aliyeulizwa, awe ametoka njia ya kaskazini au ya kusini, alisema mwisho wa safari kuna maji makubwa. Wakachora ziwa moja, kubwa ajabu, lenye umbo la konokono asiye na gamba, na ramani ikaoneshwa London mwaka 1856 ikawatoa watu machozi ya kicheko na kuchochea safari ya Burton na Speke. Wasafiri wale hawakudanganya. Kulikuwa na maji mwisho wa kila njia: Nyanza, Tanganyika, Nyasa. Aliyeunganisha ndiye aliyekosea, na jina la aliyeunganisha ndilo lililoandikwa pembeni ya ramani.

Kwa hiyo meza yangu nikabadilisha kanuni moja tu. Ukimkodi kiongozi, unapewa ramani iliyojaa, kwa mkono wake, pamoja na makosa yake na mipaka ya ubishi wake na jirani. Ukungu wa programu unabaki kwa yale ambayo hata yeye hajayaona. Mchezo haukupungua utamu. Watu walianza kubishana ni kiongozi yupi wa kuaminiwa, jambo ambalo pembesita nyeupe haikuwahi kuwalazimisha.

Kete zilitusumbua kidogo tu, nitapita haraka. Kuna zinazoonesha uso ndani ya duara, na zinazomwonesha mtu kutoka juu, kama unamtazama ukiwa ghorofani. Kutoka juu mtu ni nywele, mabega na silaha. Dada mmoja katika kundi letu anaigiza ajuza mganga asiye na silaha, na kutoka juu ajuza huyo alikuwa kitambaa tu. Yeye ndiye aliyegundua dawa: leso ina pindo, mji na jina. Akaweka uso mahali pa mji, pindo likawa fremu ya kete, na jina la leso analibadilisha kila kikao kulingana na anayemkasirikia. Sote sasa tuna kete za leso. Faili moja haifiki hata kilobaiti 100, na mwenye bando la mwisho wa mwezi anashukuru.

Nirudi kwa godauni. Wiki iliyofuata nilimpigia yule wa Likoni, nikamwambia basi chora wewe. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nyumba pekee anayoijua kwa ndani ni ya nyanyake, nayo iliuzwa miaka kadhaa iliyopita. Familia iligawana pesa, na aliyenunua amebomoa kuta mbili kupanua vyumba vya wageni. Hawakuwahi kuwa na mchoro wake. Tulikaa kwenye simu saa mbili na nusu. Daka la mlangoni. Kiwanda kilicho wazi juu. Msana wa tini, msana wa yuu, halafu ndani, kila kimoja kikipanda kidogo kuliko kilichotangulia. Nilizima ule mvuto wa miraba, nikachora ukuta kwa mkono, na kila nilipopanua aliniambia, "Boriti haifiki hapo." Zidaka tulizichora kimoja kimoja, kwa sababu alikumbuka ni kipi kilichokuwa na bakuli lililopasuka.

Jumamosi wahusika waliingia nyumba ile usiku. Nilikuwa nimeweka taa moja tu, ya mwezi, kiwandani, na kuta zikiwa mahali pake programu ikafanya hesabu yake. Kete yake ikatoka kwenye mwanga, ikapita msana wa kwanza, giza likaongezeka, ikapita wa pili, likaongezeka tena. Kitabu cha mchawi kilikuwa ndani kabisa. Mwizi wetu akasema twende haraka, walinzi wanakuja. Yeye hakusogea.

"Ngojani," akaandika. "Nimefika kwa nyanya."

Tukangoja. Walinzi nikawachelewesha.