Ventile: pamba inayozuia maji kwa kulowa

Pamba na maji havigombani. Selulosi iliyomo kwenye nyuzi zake huyavuta maji, na upenyo mdogo kati ya uzi na uzi huyasafirisha hadi upande wa pili. Ndiyo maana taulo hutengenezwa kwa pamba. Hata hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, watafiti wa Shirley Institute huko Manchester walitafuta nguo ya pamba itakayozuia maji. Marubani wa Uingereza waliolinda misafara ya meli za mizigo wangeweza kuishia baharini, kwenye maji yenye baridi ya kuua. Vazi la mpira lingewakinga, ila ndani ya ndege wangelowa jasho. Ilitakiwa nguo inayopitisha hewa ikiwa kavu na kujiziba ikilowa.

Jibu lao linaeleweka tukilifuata tone la maji. Likitua taratibu juu ya kitambaa kilichotiwa dawa ya kuzuia maji, hujiviringa na kusimama juu ya nyuzi, hewa ikibaki chini yake. Wanasayansi Cassie na Baxter waliifanyia hali hiyo hesabu mwaka 1944. Kinacholizuia lisizame ni mvutano wa uso wa maji, nao hukaza zaidi penye kitundu kidogo: kipenyo kikipungua nusu, shinikizo la kulipenyeza huongezeka maradufu.

Lakini tone la mvua halitui taratibu. Lenye kipenyo cha milimita 2 hufika chini kwa kasi ya takriban mita 6.5 kwa sekunde, na kasi hiyo huzaa shinikizo la kama kilopaskali 21. Kitundu cha mikrometa 10, maji yakikigusa kwa pembe ya digrii 110, huhimili kama kilopaskali 10 tu. Tone hupasuka, sehemu yake huruka pembeni, nyingine hupenya.

Ventile, kitambaa walichobuni watafiti wale, ilifumwa kwa pamba ya nyuzi ndefu, iliyobanwa sana. Ikiwa kavu, vitundu vyake ni vya mikrometa 10 hivi, na mvuke wa jasho hutoka. Matone ya kwanza yakiingia, nyuzi huvimba kwa unene, na vitundu husinyaa hadi mikrometa 3 au 4. Kwa hesabu ile ile, uwezo wake hupanda hadi kati ya kilopaskali 25 na 33. Haya ni makadirio, kwa kuwa pembe ya mguso hubadilika kitambaa kikilowa, lakini yanaonyesha kwamba mlinzi mkuu ni ufumaji, si dawa. Gharama yake ni kwamba nguo iliyolowa huwa nzito na ngumu.

Hapo ndipo majaribio ya kawaida yanapohitaji kusomwa kwa makini. Kipimo cha ISO 4920 humwaga mililita 250 za maji kutoka sentimita 15 juu ya kitambaa kilicholazwa kwa digrii 45. Kutoka kimo hicho, maji hugonga kwa shinikizo la kilopaskali 1.5 hivi, chini ya sehemu ya kumi ya lile la tone la mvua. Kipimo hicho hupima dawa ya juu. Anayenunua koti la mvua aulize pia safu ya maji linayohimili: kilopaskali 21 ni safu ya mita 2.1 hivi.