Kuipima Hewa ya Kampala

Hewa aivutayo mtu wa Kampala, kwa asili yake, ni ile ile ivutwayo kwingineko ulimwenguni: naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni karibu moja, na gesi nyingine kwa uchache. Oksijeni hiyo ilianza kulimbikana yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita kwa kazi ya vijidudu vya majini. Na juu ya amana hiyo ya kale mji huu huongeza kila alfajiri moshi wa mkaa, wa taka zichomwazo na wa bodaboda, pamoja na vumbi jekundu, ambavyo hewa baridi iliyotuama mabondeni, kama vile Bwaise, huvizuia hadi jua lipande.

Mushkeli ni kuvipima. Mita moja ya ujazo ya hewa, katika kimo hiki cha mita 1,200 hivi, ina uzito wa takriban kilo moja, na Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba chembe zisizozidi mikromita 2.5 zisipite, kwa wastani wa mwaka, mikrogramu 5 katika ujazo huo: sehemu 5 katika bilioni! Mashine ya kuaminiwa hunasa chembe katika utepe wa chujio, ikapitisha miale ya beta, na kwa kadiri miale ilivyopungua ikajua uzito. Lakini ni ghali mno, tena yataka umeme usiokatika.

Wataalamu wa AirQo, mradi ulioasisiwa Makerere mwaka 2015 na kuongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha (Engineer ni jina lake, si cheo), walibuni kifaa rahisi waitacho Binos, ambamo hewa hupita mbele ya mwanga wa leza na chembe hukisiwa kwa jinsi zinavyoutawanya. Ila hewa ikiwa na unyevu mwingi chembe hunywa maji zikavimba, na hesabu hupanda ilhali moshi haukuzidi. Basi kila Binos ikatiwa vipimio viwili, kimoja kiwe shahidi wa mwenzake, na baadhi zikawekwa kando ya mashine ya beta, ili kompyuta ijifunze, kwa kulinganisha hesabu za pande zote mbili pamoja na joto na unyevu, kiasi cha kusahihisha.

Magazeti yalipendezwa zaidi na bodaboda zilizobeba vifaa hivyo. Kwa rai yangu, ustadi umo katika masahihisho. Nayo yaliyofunzwa kwa moshi wa Kampala hayachukuliwi vivi hivi hadi Mombasa, ambako chumvi ya bahari nayo hunywa maji: huko sharti ulinganisho ufanywe upya.